Mnaoanza Kusoma Jeni za Kunusa, Hakikisheni Mmeshika Yenyewe

Ukiletwa maabara kwa mazoezi ya kazi, ukapangiwa jeni za kunusa, swali litakalokutoka kwanza ni "jeni hii inanusa nini?" Kila mgeni huliuliza. Ni swali zuri, ila limewahi mno. Lililo mbele yake ni hili: hii uliyoshika, una hakika ni yenyewe? Nimeifanya kazi hii hapa Mombasa muda wa kutosha kuona matokeo mengi yanayoishia pipani yanaharibikia wapi. Mtu alikuwa akipima jirani ya kile alichodhani anapima. Jeni jirani, chupa jirani, hisia jirani. Nitayaeleza kwa jinsi yanavyokuja kazini, kwa hivyo msishangae nikikaa sana mahali na kwingine nikapita mbio.

Kwanza ukoo wenyewe. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 zinazoandika protini, na karibu 400 kati yake ni za vipokezi vya harufu, yaani protini zinazoshika molekuli za harufu ndani ya pua. Zimetapakaa karibu kila kromosomu. Utazikosa kwenye ya 20 na kwenye Y, na utazikuta zimesongamana kwenye ya 11 kuliko popote. Kila moja ni fupi. Sehemu inayoandika protini ina herufi za DNA kama elfu moja hivi, imekaa kipande kimoja bila kukatizwa na introni, yaani vipande vya katikati visivyoandika protini, na protini inayotoka ina asidi amino mia tatu na kitu. Protini hiyo hupita kwenye utando wa seli mara saba, ingia toka, na kwa upande wa ndani hufanya kazi na protini ya G, tarishi wa ndani ya seli. Molekuli ya harufu ikikaa kwenye kipokezi, protini ya G huamsha enzimu inayotengeneza AMP ya mzunguko, molekuli ndogo ya kubeba ujumbe, milango ya ayoni hufunguka, kalsiamu huingia, kloridi hutoka, na seli ya neva hutuma ujumbe kwenye ubongo. Mchoro wake mtaukuta katika kila kitabu, na wengi mtaukariri usiku mmoja.

Kinachosumbua mikono ni kufanana kwa jeni hizi. Nyingi zimezaliwa kwa kunakiliwa, nakala ikawekwa kando ya mama yake, nayo ikanakiliwa tena. Zimegandamana kama nyumba za Mji wa Kale, ukuta kwa ukuta, na ukigonga mlango usio wako atatoka mtu anayefanana sana na unayemtafuta. Utaondoka umeridhika.

Ugunduzi wenyewe wa jeni hizi una funzo hilo ndani yake. Linda Buck na Richard Axel, wakiwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichapisha mwaka 1991 kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2004. Walitumia panya. RNA, ile nakala inayotoka kwenye jeni inayofanya kazi, ilitolewa kwenye ngozi laini ya ndani ya pua, ikageuzwa kuwa DNA, kisha ikapitishwa kwenye PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, kwa praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili) zilizolegezwa makusudi ili zinase jeni yoyote ya kipokezi kinachopita utando mara saba. Mistari ikatoka kwenye jeli, ambako vipande vya DNA hujipanga kwa urefu. Mtu mwenye haraka angechagua mstari mzuri akasonga mbele. Wao waliikata mistari kwa enzimu za kukata DNA. Mstari uliobeba jeni moja, ukiukata kisha ukajumlisha vipande, unarudi urefu uleule. Mmoja ulikataa: jumla ya vipande ilizidi urefu wa mstari wenyewe. Hesabu hiyo haikubali ila kwa njia moja tu, kwamba ndani ya mstari ule mmoja mlikuwa na jeni nyingi tofauti zilizolingana urefu. Kwa kuufuata mstari huo wakafikia jeni 18 za mwanzo, na wakaona kwamba ukoo wote ni mkubwa kupita walivyotarajia. Hesabu ile ya vipande ningependa kila anayeanza aifanye kwa kalamu kabla hajashika pipeti.

Basi kwenye jeli, mstari mmoja usikufanye useme una jeni moja. Praima zako ziweke nje ya sehemu inayoandika protini, kule ambako majirani wameanza kutofautiana. Ndani humo mna vipande ambavyo ukoo mzima unavyo kwa pamoja. Zipitishe kwenye jenomu nzima, yaani DNA yote ya binadamu, kwa kompyuta kabla hujaziagiza, na usitosheke na jibu la kwanza linalotokea juu ya orodha: tazama la pili na la tatu zimepungukiwa na herufi ngapi. Kisha soma DNA pande zote mbili. Ukiona kwenye mchoro wa mashine vilele viwili vya herufi vimekaa mahali pamoja, usikimbilie kusema mtu huyu amerithi herufi tofauti kwa baba na kwa mama. Huenda ni jeni mbili zinazoimba pamoja.

Majina nayo yana utaratibu, na mkijua utaratibu mtaokoa siku nyingi. OR ni ukoo, nambari inayofuata ni familia, herufi ni tawi, nambari ya mwisho ni jeni yenyewe. Kwa hiyo OR7D4 ni jeni ya nne ya tawi D katika familia ya 7. Familia za 1 hadi 14 ni kundi moja. Za 51 hadi 56 ni kundi jingine, la kale, lililo karibu na vipokezi vya samaki, nalo kwa binadamu lote limekaa kwenye kromosomu ya 11. Makala za zamani zina majina yake: hOR17-4 ndiyo OR1D2, na PSGR ya watu wa tezi dume ndiyo OR51E2. Nimewaona wanafunzi wakiandika maelezo ya jeni mbili, kumbe ni moja yenye majina mawili.

Herufi P mwishoni maana yake jeni hiyo imekufa: imevunjika mahali, haitoi tena protini kamili. Na waliokufa katika ukoo huu ni wengi, wanawapita walio hai. Lakini hata P usiiamini kwa macho. OR11H7P ina P yake, ila wako watu waliobeba nakala nzima, na kazi iliyochapishwa mwaka 2007 iliwakuta watu hao wakiwa wepesi zaidi wa kunusa asidi ya isovaleri, ile harufu ya soksi zilizovaliwa siku mbili. Ziko jeni kadhaa za namna hiyo, hai kwa mtu huyu, mfu kwa jirani yake. Jenomu ya marejeleo mliyoipakua inaonyesha hali ya nakala chache tu za watu. Haimsemei mtu wa Kisauni wala wa Kwale. Na vipande vifupi vya DNA vinavyotoka kwenye mashine huweza kukaa juu ya jeni tatu nne bila kujua kwao hasa ni wapi. Programu itavitupa mahali pamoja na kukupa alama ndogo ya uhakika. Alama hiyo isomeni. Wengi huiruka.

Nikiwa hapo, neno dogo kuhusu wingi. Ndovu wa Afrika, hawa wa Shimba Hills, wana jeni hai za kunusa karibu 2,000. Panya wa maabara ana kama 1,100. Mtu akisikia hivyo hutamka papo hapo kwamba binadamu hana pua. Wazo hilo ni la karne ya 19, lilitoka kwa Paul Broca wa Ufaransa aliyekuwa akipima ubongo, na limeshikilia muda mrefu kuliko ushahidi wake. Zipo molekuli ambazo binadamu huzinusa hata zikiwa chache mno, pale ambapo baadhi ya wanyama wenye jeni nyingi hawazinusi. Na kwa upande wa pili, ile habari ya mwaka 2014 kwamba tunatofautisha harufu trilioni moja ilitokana na hesabu ambayo wengine waliipinga mwaka uliofuata. Msiiandike kwenye utangulizi wa ripoti zenu kama kwamba imekubaliwa na wote.

Sasa RNA, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wageni wanapotoa habari za kusisimua. Unachukua seli za kitu kingine kabisa, labda figo, labda mapafu, unapitisha PCR, na kipokezi cha harufu kinatokea. Furaha. Lakini kumbuka nilichosema: sehemu inayoandika protini haina introni. Kwa jeni za kawaida, DNA chafu iliyobaki kwenye RNA yako ingejionyesha kwa mstari mrefu zaidi, maana introni ingekuwemo. Kwa jeni hizi DNA chafu na RNA halisi hutoa mstari wa urefu mmoja, na jeli haiwezi kukuambia ni ipi. Safisha RNA kwa enzimu ya kula DNA, na kila sampuli iwe na pacha wake ambaye hukumtia enzimu ya kugeuza RNA kuwa DNA. Pacha akitoa mstari, hadithi yako imekwisha. Njia bora zaidi ni praima moja kuiweka kwenye sehemu ya mbele ya ujumbe, isiyoandika protini, kwa kuwa huko nyingi zina introni. Kingamwili za kunasa vipokezi hivi nazo ziwe na shahidi wa pili kila mara. Nyingi hushika visivyo vyake.

Sisemi kwamba vipokezi vya harufu havipo nje ya pua. OR51E2 imeonekana kwenye tezi dume mara nyingi na watu wengi. Nasema tu kwamba dai hilo lina masharti, na masharti yake ni ya kazi ya mikono.

Jeni ikiwa safi, geukia chupa. Chupa iliyoandikwa asilimia 98 ina asilimia 2 ya vitu vingine, na pua ya mtu huenda ikawa inanusa hizo 2. Kuna molekuli zilizo sawa kwa kila kitu isipokuwa moja ni kioo cha nyingine: karvoni ya mkono huu hunuka nanaa, ya mkono ule hunuka kisibiti. Ukiagiza "karvoni" bila kutaja mkono, sijui utakachopima. Tena hapa kwetu kuna joto. Kaskazi ikikaza, Januari hadi Machi, chupa yenye kiwango kilekile hutoa mvuke mwingi kuliko chumba kikiwa na kipoza hewa, na stima ikipotea katikati ya zoezi, watu wa saa nne na watu wa saa sita wamenusa vitu viwili tofauti. Andikeni joto la chumba kwa kila mtu. Stima ikikata, simamisheni. Mtalalamikiwa, simamisheni hivyo hivyo.

Watu ndio kazi kubwa, na hakuna mwongozo wa nje utakaowaambia haya.

Mji huu unajitia manukato. Buibui limefukizwa udi, kanzu imefukizwa udi, nyumba imefukizwa ubani tangu alfajiri, na Ijumaa baada ya sala ndiyo usiseme. Moshi wa udi una molekuli nzito zinazong'ang'ania nguo kwa siku kadhaa. Mshiriki akiingia chumba cha kupimia na nguo yake, amekuja na chetezo chake. Kumwambia amejitia kupita kiasi ni utovu wa adabu, na hatarudi. Tumeni ujumbe siku mbili kabla, wekeni makoti safi mlangoni, na semeni kwa upole: "Mama, samahani, leo twaomba uvae hili letu juu." Wengi hucheka wakavaa. Msipime Ijumaa jioni, wala wiki ya harusi kwenye mtaa mnaochukua watu. Na zile mbegu za kahawa zinazowekwa kwenye maduka ya manukato ati kusafisha pua, ziacheni huko dukani. Hewa safi na dakika za kupumzika zinafanya kazi hiyo sawasawa.

Mate yatawatosha kwa DNA, hamna haja ya kugusa pua ya mtu. Ila anayetafuna muguka au miraa asiteme kwenye kichupa mpaka amesukutua na kungoja nusu saa, la sivyo mtaletewa supu ya majani. Mwezi wa Ramadhani pangeni baada ya futari, au ngojeni uishe.

Kisha kuna neno DNA. Katika magazeti yetu neno hilo lina kazi moja, kumtafuta baba wa mtoto. Nilikuwa Bondeni na kijana wa mazoezi akimweleza mzee mmoja utafiti, na mzee akamsikiliza hadi mwisho kwa heshima zote, halafu akamwambia: "Mwanangu, DNA ya nini tena? Watoto wangu wote nawajua." Kijana akaanza kueleza kromosomu. Nikamkata kauli. Mzee alichotaka kujua ni kama karatasi ile ingeweza kufika kwa mtu wa familia yake au wakili. Elezeni kwanza mnachosoma na msichosoma, sampuli itakaa wapi, nani ataiona, na itaharibiwa lini. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inawadai hivyo, na kibali cha kamati ya maadili pamoja na cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, viwe mkononi kabla ya mate ya mtu wa kwanza.

Vipimo vya kunusa vinavyouzwa navyo viangalieni. Kile maarufu cha Pennsylvania chenye harufu 40 kilitengenezwa kwa Wamarekani, na ndani yake mna vinywaji na miti ambayo mtu wa Kibokoni hajapata kuiona. Akikosea, hajapoteza pua. Hamkumuuliza kitu anachokijua. Tumieni iliki, limau, kahawa, asumini, mafuta ya taa. Na kuweni macho na vitu vinavyochoma. Siki, amonia, pilipili, na ile dawa ya mafua ya kupaka kifuani huamsha neva nyingine, ile ya maumivu na ubaridi usoni, ambayo haina uhusiano wowote na jeni zetu 400. Mtu asiyenusa kabisa atashtuka kwa amonia. Hata karafuu ina mchomo kidogo. Ukimpima mtu kwa menthol ukaandika "ananusa", umepima hisia jirani.

Hapo ndipo tunaweza kurudi kwenye swali mlilokuja nalo.

Jeni hii inanusa nini? Kwa kawaida kidogo cha vingi. Mwaka 1999 maabara ya Buck ilionyesha kwamba kipokezi kimoja huitikia molekuli kadhaa, na molekuli moja huitikiwa na vipokezi kadhaa. Ubongo husoma ni vipi vimewaka pamoja. Kila seli ya neva ndani ya pua huchagua jeni moja tu katika ukoo wote, tena nakala ya mzazi mmoja, nyingine zote zikanyamaza. Seli zilizochagua jeni moja hupeleka nyuzi zao mahali pamoja kwenye ubongo, juu kidogo ya paa la pua. Kwa mpango huo, kuvunjika kwa jeni moja mara nyingi hakumnyimi mtu harufu. Kunaibadilisha kidogo, na huenda mwenyewe asijue.

Ziko za kipekee, na hizo ndizo zinazojaza mihadhara. OR7D4 ilielezwa mwaka 2007: inapokea androstenoni, na mabadiliko mawili yanayorithiwa pamoja, la asidi amino ya 88 na la 133, huidhoofisha. Ndiyo maana mmoja husema androstenoni inanuka mkojo, mwingine husema ni tamu kidogo kama vanila, mwingine hanusi kitu. Mfano huu hupendwa Ulaya kwa sababu harufu hiyo hupatikana kwenye nyama ya nguruwe dume. Hapa kwetu tafuteni mfano mwingine. OR5A1 na beta-ionone, iliyoelezwa 2013, ni safi zaidi: herufi moja ya DNA inaeleza karibu tofauti yote kati ya mtu anayenusa ua na yule anayenusa uchachu usiopendeza. Lakini ukiingia kazini ukitarajia kila jeni iwe OR5A1, utasikitika. Chukueni dania. Mtandaoni wanasema kuna "jeni ya kuchukia dania", nayo ni OR6A2. Utafiti wa mwaka 2012 ulipata herufi moja kando ya jeni hiyo yenye uhusiano na watu wanaosema dania inanuka sabuni, lakini uhusiano ni mdogo, na waliopimwa wengi walikuwa wa asili ya Ulaya. Mtu aliyekua akila kachumbari yenye dania tangu utotoni ana mengi yanayoongoza ulimi wake kabla ya OR6A2.

Kuna ukoo mwingine mdogo ambao kwa mji wa pwani ni wa kuangaliwa zaidi. Unaitwa TAAR, jeni chache zilizokaa kromosomu ya 6, na mwaka 2006 Stephen Liberles na Buck walionyesha kwamba nao ni vipokezi vya kunusa, hasa vya amini. TAAR5 hupokea trimethilamini. Samaki wa bahari ana oksidi ya trimethilamini mwilini, haina harufu ya maana. Akishakufa bakteria huivunja, na trimethilamini ikatoka. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya shombo ya samaki aliyelala. Mwaka 2020 watafiti wa Iceland walichapisha kazi waliyoifanya kwa maelfu ya watu: wachache wenye mabadiliko fulani ya TAAR5 hawakuiona harufu ile kuwa mbaya sana, na baadhi yao walipoulizwa ni nini walijibu viazi au kechapu.

Simameni asubuhi kando ya mama karanga, mwanamke wa kukaanga samaki na kuuza, anaponunua. Hufunua shavu la samaki kwa kidole gumba, huinama mara moja, kisha huweka upande huu au ule, hata hajibu salamu mpaka amalize beseni. Nilimuuliza mmoja kama huwa anatazama rangi ya shavu au jicho. "Pua yangu yanitosha." Sasa fikirieni mama aliye na TAAR5 dhaifu. Je, ameacha kazi hiyo mapema, au amejifunza kutumia jicho na kidole bila kujua kwa nini? Sijaona mtu aliyelipima hilo kwenye pwani yetu, na ningelipenda.

Onyo moja kwa watakaovutwa na wadudu, maana wengi huvutwa. Mbu naye ana vipokezi vya harufu, na kazi moja kubwa juu yake ilitoka hapa karibu. Mbu wa Aedes aegypti waliokusanywa Rabai wako wa aina mbili, wa nyumbani anayependa mtu na wa msituni anayependa mnyama. Mwaka 2014 Carolyn McBride, Leslie Vosshall na wenzao walionyesha kwamba wa nyumbani ana kipokezi Or4 kwa wingi zaidi na chenye wepesi zaidi kwa sulkatoni, molekuli ambayo mwili wa mtu huitoa kwa wingi. Ni huyo huyo anayetuletea dengi na chikungunya. Lakini kipokezi chake si cha ukoo wetu. Kimegeuzwa ndani nje kwenye utando, na kwa kushirikiana na mwenzake Orco kinakuwa mlango wa ayoni chenyewe, bila kungoja protini ya G. Mkiziweka herufi za Or4 sambamba na OR za binadamu mtapata kelele tupu, na programu haitawaambia kwamba mmeilisha upuuzi.

Umbo la kipokezi cha harufu cha binadamu lilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 2023: OR51E2, ikiwa imeshika propionati, ikapigwa picha kwa hadubini ya elektroni katika hali ya kugandishwa. Ilichaguliwa kwa kuwa ni mojawapo ya chache zinazokubali kutengenezwa kwa wingi nje ya pua. Nyingi hukwama ndani ya seli za maabara zisifike kwenye utando, ndiyo maana mwaka 2004 kupatikana kwa protini saidizi za RTP kulikuwa habari kubwa. Hadi sasa vipokezi vingi vya binadamu havijajulikana hupokea nini. Vilua, mkadi, langilangi, papa mkavu wa ng'onda: kila kimoja ni mchanganyiko wa molekuli nyingi, na kwa nyingi kati yake hakuna aliyeandika ni vipokezi vipi vinawaka.

Kwa mwenye kutaka mradi wa miezi mitatu, ningemwanzisha na TAAR5. Jeni ni fupi, haina introni ndani, majirani zake ni wachache na wanatofautika vya kutosha. Chukua mama karanga na wachuuzi wa mboga wa rika moja, soko moja. Trimethilamini iyeyushwe kwa viwango vitano, kutoka chini kwenda juu, na katikati yake vichupa vya maji matupu bila kuwaambia. Majibu yaandikwe kwa maneno yao wenyewe kabla hujawasomea orodha yoyote. Anayepima asijue jeni za anayepimwa. Mabadiliko yale ya Iceland ni haba, huenda msiyapate hata moja. Andikeni mtakayoyapata, maana pwani yetu ina yake.

Mkija, njooni na nguo zisizofukizwa na orodha ya praima mlizokwisha kuzipitisha kwenye kompyuta. Zangu sitawapa kabla sijaziona zenu.